Usikanyage Breki

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa Agosti, mwaka wa sabini na tisa, Mzee Obura alipolileta lori lake kuukuu kwa Zubeiri, fundi wa springi, nyuma ya soko la Jericho. Lilikuwa Bedford la tani tatu, rangi yake ya bluu imepauka kwa jua, na Obura alikuwa amelinunua alipostaafu kazi ya reli. Yeye na mkewe Norah walilitumia kuleta mbaazi kutoka shamba la Mbithe huko Ukambani. Norah alikuwa na meza yake sokoni humo humo, na akina mama wenzake walikuwa wakipandisha magunia yao kwenye lori hilo hilo.

Zubeiri alijilaza chali akaingia chini. Springi zilikuwa zimechoka, zimelala bapa, na chuma chote cha tumboni kilikuwa kimekwaruzwa na mawe hata kinang'aa.

"Limeshuka mno, mzee," alisema akitoka, huku akipangusa mikono kwa kitambaa. "Huko unakopita linaburura tumbo kama kenge."

"Ndiyo maana nimekuja. Ile njia ya kwenda kwa Mbithe, ukishaiacha barabara kuu pale Tala, ni korongo baada ya korongo. Nataka uniinulie. Inchi tatu, hata nne. Lakini fundi, mimi si kampuni. Mfuko wangu unaujua."

Zubeiri alikuwa na desturi ya kumweleza mteja mambo yote waziwazi. Akachuchumaa, Obura naye akachuchumaa.

"Njia ni tatu. Ya kwanza, springi mpya za dukani, seti nzima. Ukishafungiwa hizo unasahau."

Obura alitikisa kichwa hata kabla hajamaliza.

"Ya pili, springi za lori kubwa zaidi lililopata ajali. Nazipunguza, nazikunja upya, nazikufungia. Nzuri sana hizo, ila mpaka zipatikane. Wiki mbili, wiki tatu."

"Mbaazi zitakuwa zimekauka shambani."

"Basi ya tatu. Mbele nakuongezea bamba moja la springi kila upande. Nyuma naweka kipande cha chuma kati ya springi na ekseli, kisha nabana kwa yuboliti ndefu." Akamwonyesha boliti iliyopindwa kama herufi U. "Lori linapanda na gharama haikuumizi. Lakini hicho kipande lazima kiwe chuma cha kufua, chuma kamili. Lori zima linakikalia."

"Hayo ni yako, fundi," Obura alisema. "Chuma nitakijuaje mimi?"

Wakapatana hivyo.

Kwa kawaida Zubeiri mwenyewe ndiye aliyevikata vipande vile kutoka kwenye ekseli kuukuu, na kazi hiyo ilimla siku nzima. Lakini Obura alitaka kuondoka Jumamosi alfajiri, akina mama saba walikuwa wameshapanga safari. Ijumaa asubuhi Zubeiri akaenda Makadara kwa Munyoki, muuza vyuma vikuukuu, na huko akaona vipande vitatu juu ya rundo, vizito, sawasawa, unene wa inchi tatu, kila kimoja na tundu katikati kana kwamba vilikuwa vimeagizwa kwa kazi yake.

"Vimetoka wapi hivi?" aliuliza.

"Mashine fulani," Munyoki akasema. "Sijui ya nini. Chuma ni chuma, bwana."

Akavichukua vyote vitatu. Njiani alifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Alikuwa amezoea, kabla ya kufunga kipande chochote asichokijua, kukiweka juu ya fuawe na kukipiga nyundo mbili tatu za nguvu. Siku ile hakufanya hivyo. Obura alikuwa amemsimamia tangu asubuhi, akitazama jua, akimpa spana kabla hajaiomba, na vipande viliingia mahali pake bila hata kupigwa tupa. Kufikia alasiri Bedford lilikuwa limesimama juu, kifua mbele. Obura alilizunguka mara tatu akicheka peke yake. Norah alitoka kwenye meza yake akaja kuangalia, akashika kiuno.

"Sasa mimi nitapandaje humu? Fundi, ungetengeneza na ngazi."

Watu wakacheka, na Zubeiri naye akacheka.

Jumamosi saa tatu asubuhi Zubeiri alikuwa peke yake kazini, ananyoosha boliti iliyopinda. Alihitaji kitu cha kuiegemeza, akakumbuka kile kipande cha tatu kilichobaki. Akakiweka chini, akaweka boliti juu, akapiga. Hakupiga kwa nguvu. Kipande kikafanya *ta!* kikawa viwili.

Alikiokota. Pale kilipovunjikia kilikuwa cha kijivu, chembechembe kama sukari guru iliyosagika vibaya. Hakuhitaji kuambiwa. Kilikuwa chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Chuma hicho ukikitwika mzigo kinabeba, hata mwaka mzima kitakaa kimya. Ukikipiga dafrau, kinapasuka kama kigae.

Na vile viwili vingine vilikuwa chini ya Bedford la Mzee Obura, kwenye makorongo.

Jambo la kwanza alilolifanya, na baadaye hakulificha, ni kugeuka kuangalia kama kuna mtu aliyeona. Hakuna. Soko lilikuwa na kelele zake. Aliviokota vile vipande viwili akavitupa ndani ya debe la mafuta machafu, vikazama.

Akaketi. Alimfikiria Kombo, fundi wa breki aliyekuwa akifanya kazi kando yake miaka ya nyuma. Lori alilolitengeneza Kombo lilipinduka, watu wawili wakafa, na Kombo akawa mtu wa kupanda na kushuka ngazi za korti ya Makadara mwezi baada ya mwezi, kisha akafungwa. Alipotoka alikuwa anazungumza kwa sauti ndogo, kama mtu aliye katika nyumba ya watu. Zubeiri alijiambia: lori likianguka, kila kitu huvunjika. Nani atajua kilichotangulia kuvunjika? Labda halitaanguka. Labda vile viwili ni vizima, hiki peke yake ndicho kibovu.

Alikaa hivyo nusu saa, jasho likimtoka katika baridi ya Agosti.

Kisha hesabu nyingine ikamjia yenyewe. Kwenda, lori ni tupu. Huenda likafika salama. Watapakia mbaazi mpaka adhuhuri. Kurudi litakuwa na magunia arobaini na akina mama saba juu yake, na Norah mbele, na njia ile ina miteremko. Aliona waziwazi lile gurudumu la nyuma likirudi nyuma, lori likilala ubavu, na akina mama wakimwagika pamoja na magunia.

Akasimama. Alitia ndani ya mfuko wa gunia spana zake, nyundo, na zile yuboliti fupi za zamani alizozifungua siku iliyopita, maana bila hizo asingeweza kulirudisha lori kama lilivyokuwa. Akafunga mlango wa kibanda kwa waya. Mbithe hakuwa na simu, wala hakuna aliyekuwa na simu huko.

Jirani yake Opiyo, tarishi wa ofisi moja mjini, alikuwa nje ya nyumba yake anaosha pikipiki. Alikuwa kijana wa maneno mengi.

"Niaje, fundi! Mbona uso umekuwa hivyo, umekutana na jini?"

"Opiyo, nipeleke Tala. Sasa hivi."

"Tala? Leo Jumamosi, bwana, nina mambo yangu—"

"Nimeua watu."

Opiyo aliacha kitambaa kikaanguka ndani ya ndoo. "Nani?"

"Bado hawajafa," Zubeiri akasema. "Twende."

Zubeiri hakuwahi kupenda pikipiki. Alimkumbatia Opiyo kiunoni kama mtoto, ule mfuko wa vyuma ukimgonga paja kila waliporuka shimo. Wakashika barabara ya Kangundo, wakapita vilima vya Komarock, nyumba zikaisha, yakabaki majani makavu pande zote na upepo wa baridi usoni. Zubeiri hakuona chochote isipokuwa ukingo wa barabara. Alikuwa anatafuta leso. Hakujua kwa nini akili yake ilikataa kufikiria lori na ikafikiria leso tu, leso ya Norah ya manjano, imetupwa kwenye majani.

Kabla ya kufika Tala waliona watu wamekusanyika kando ya barabara, mduara, wameinamia kitu. Opiyo akapunguza mwendo. Zubeiri alifumba macho, akasoma dua aliyoikumbuka, na midomo yake haikutoa sauti.

"Ni ng'ombe," Opiyo akasema. "Fundi, fungua macho. Ng'ombe amegongwa na basi."

Pale Tala walimuuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi njia panda. "Bedford la bluu? Refu kama ngamia? Limepita asubuhi mapema. Halijarudi." Zubeiri alimshukuru hata mama yule akashangaa.

Waliiacha barabara kuu wakaingia njia ya udongo. Ilikuwa kama Obura alivyosema, korongo baada ya korongo, mawe yamechomoza katikati kama meno. Kila jiwe waliloliruka, Zubeiri aliliona likipiga gurudumu la lori. Saa saba ilikuwa imefika. Walipanda ukingo wa bonde moja pana, na ng'ambo yake, juu kabisa ya mteremko uliowaelekea, wakaliona. Bedford lilikuwa linakuja. Magunia yalikuwa yamepita mbavu za lori, yamefungwa kamba, na juu ya magunia walikaa akina mama.

"Hao hapo! Wazima!" Opiyo alipiga kelele. Akateremka mbio hadi bondeni, akavuka mto mkavu, akapanda kidogo, akaisimamisha pikipiki katikati ya njia. Zubeiri aliruka chini akainua mikono yote miwili kumpungia Obura asimame.

Halafu akaishusha haraka kama aliyeungua.

Obura akiona mtu amesimama mbele yake kwenye mteremko atafanya nini? Atakanyaga breki. Na breki ndiyo itakayoua. Gurudumu litataka kusimama, tani mbili na nusu za mbaazi zitataka kuendelea, na katikati ya mvutano huo hakuna kitu isipokuwa vile vipande viwili vya kusubu.

"Ondoa! Ondoa pikipiki njiani!" alipiga kelele. "Asisimame!"

"Si ndiyo tumekuja kumsimamisha?"

"Hapa atakufa! Mpaka avuke mto, apande ule upande wa pili, lori lisimame lenyewe. Geuza, tumfuate ubavuni!"

Opiyo hakuuliza tena. Lori lilikuwa linateremka taratibu, vumbi nyuma yake, na Obura alikuwa ameshawaona. Alipiga honi akawapungia kwa furaha. Lilipowapita, Opiyo alitia gia akalifuata, akakaza mpaka wakawa sambamba na dirisha la dereva, gurudumu la mbele likiwa hatua mbili kutoka goti la Zubeiri.

"Mzee!" Zubeiri alilia. "Usikanyage breki!"

"Nini?" Obura alitoa kichwa nje. "Fundi? Kuna nini nyumbani?" Na kwa kuwa mtu akitaka kusikia vizuri hupunguza mwendo, Zubeiri aliona bega lake likishuka, mguu ukitafuta breki.

"Usikanyage! Usikanyage breki! Tumia gia! Gia!"

Obura hakuelewa. Aliyeelewa ni Norah, au pengine hakuelewa naye, ila aliuona uso wa Zubeiri. Aliinama ghafla, akakishika kitambaa cha suruali ya mumewe gotini kwa mikono miwili, akaunyanyua mguu wake juu kama anayenyanyua mguu wa mtoto.

"Toa mguu, Obura! Hujasikia? Toa!"

Injini ikaunguruma. Obura alishusha gia, lori likajikaza kidogo, likaendelea kuteremka kwa kishindo cha injini peke yake. Zubeiri alimgonga Opiyo begani arudi nyuma kidogo, apate kuliona gurudumu la nyuma. Alilitazama bila kupepesa. Mto mkavu ulikuwa chini yao, na mawe yake. Hakuna namna ya kuyakwepa. Gurudumu la mbele likashuka, likapanda. Gurudumu la nyuma likashuka.

*Ta!*

Alikuwa ameisikia sauti hiyo mara moja tu leo, akaijua. Lori liliinama upande wa kushoto kama mtu aliyeteguka. Mama mmoja juu ya magunia alipiga ukemi. Zubeiri alingoja lianguke. Halikuanguka. Likatoka mtoni limeinama hivyo hivyo, likaanza kupanda, likachoka, likapunguza mwendo, likasimama.

Opiyo na Zubeiri walikuwa wameshashuka, kila mmoja na jiwe kubwa mkononi, wakayasukuma nyuma ya magurudumu. "Mshuke upande wa kulia!" Zubeiri aliwaambia akina mama. "Polepole, mmoja mmoja. Asiruke mtu." Wakashuka, na mwisho wao alikuwa bibi mzee mmoja aliyeshushwa kwa kubebwa.

Ndipo alipoinama akachungulia. Kipande cha kushoto kilikuwa kimepasuka kutoka kwenye tundu hadi ukingoni, na nusu yake ilikuwa imeshachomoza nje upana wa vidole viwili. Zilizokuwa zikikishikilia ni zile yuboliti tu. Teremko moja zaidi. Breki moja.

Akawaeleza akiwa ameketi mavumbini.

"Ni chuma cha kusubu, mzee. Ilinipasa nikipige nyundo kabla ya kukufungia. Sikukipiga."

Obura alichungulia chini ya lori, akakaa ameinama hapo muda mrefu. Uso wake ulipotoka ulikuwa wa kijivu. Akina mama walianza kunong'ona, mmoja akaanza kusali kwa sauti.

Norah ndiye aliyeuliza. "Umejua lini?"

"Saa tatu."

"Tala ni mbali," alisema Opiyo haraka. "Na pikipiki yenyewe—"

"Nimejua saa tatu," Zubeiri akasema, "na nimekaa karibu nusu saa nikifikiria nisije."

Hakujua kwa nini alilisema hilo. Hakuna aliyemlazimisha. Norah alimtazama, na Zubeiri hakuweza kuyastahimili macho yale, akatazama viatu vyake vya raba vyenye vumbi. Kisha akamsikia akiwaambia wenzake, "Mnasimama mnangoja nini? Magunia hayatajishusha."

Iliwachukua alasiri yote. Walishusha magunia arobaini, wakainua lori kwa jeki, na Zubeiri akaingia chini yake kwa mara nyingine. Opiyo alilala kando yake akimshikia spana. Walitoa vipande vyote viwili, wakarudisha springi juu ya ekseli na kufunga zile yuboliti fupi. Lilipoteremshwa kutoka kwenye jeki, lori lilikuwa limeinuka mbele na kukaa chini nyuma, kama fisi. Mbithe, mwenye shamba, alikuja na mkokoteni wa punda akachukua nusu ya magunia ayahifadhi. Akina mama watatu walikwenda kulala kwake. Walisema hawapandi tena leo, hata kwa dawa.

Opiyo alitangulia na pikipiki. Zubeiri alikataa kupanda naye. Alipanda nyuma ya lori, akakaa juu ya magunia, upande wa kushoto, juu ya gurudumu lile. Kila jiwe lilipopita chini yake mwili mzima ulijikunja. Alijua sasa hakuna kitu pale cha kuvunjika. Alijua kwa akili, lakini mwili ulikuwa haujaambiwa. Tumbo la lori liliparuza mawe, na kila lilipoparuza alimwona bibi mzee aliyekuwa mbele yake akishika kamba kwa nguvu zaidi.

Waliingia Jericho jua likizama. Obura alizima injini mbele ya soko, akakaa ndani kidogo, kisha akashuka akaja nyuma.

"Zile springi za lori la ajali," alisema. "Ulisema wiki ngapi?"

Zubeiri alidhani hakusikia vizuri. "Mbili. Tatu."

"Zitafute. Mpaka hapo tutabeba nusu nusu."

Norah alikuwa ameshuka upande wa pili, anakung'uta vumbi kwenye leso yake. Alizungumza bila kumtazama Zubeiri. "Na siku ya kuzifunga, mniite kwanza. Kila bamba litapigwa nyundo mbele yangu. Hata kama soko limejaa, nitakuja."

"Nitakuita, mama."

Akawasaidia kushusha magunia mpaka la mwisho. Akina mama walimuaga Obura na mkewe, yeye hawakumuaga, akaona ni haki yao. Bedford likaondoka polepole, na lilipokaribia kona taa zake nyekundu za nyuma zikawaka. Obura alikuwa amekanyaga breki. Zubeiri alishika ukuta wa duka lililokuwa karibu. Lori likakata kona, likaenda zake, naye akabaki pale ameshika ukuta, hata mlinzi wa soko akaja kumuuliza kama ni mgonjwa.